Mbu wa Dar es Salaam hatamalizwa na kampeni

Mwaka 2019 Tanzania iliandikisha wagonjwa zaidi ya 6,000 wa homa ya dengue, na wengi wao walikuwa wakazi wa Dar es Salaam. Haikuwa mara ya kwanza. Ugonjwa huo ulionekana hapa 2010, ukarudi kwa nguvu 2014, ukajitokeza tena 2018, na kila ulipokuja ulikuta jiji limeshasahau. Magari ya kupuliza dawa yakatoka, redio zikatangaza habari za kufukia madimbwi, mikutano ya dharura ikaitishwa. Mvua zikakatika, wagonjwa wakapungua, na shughuli yote ikafungwa hadi mlipuko uliofuata.

Mji huu haukosi maarifa ya kumdhibiti mbu. Ni mmoja kati ya miji michache ya Afrika iliyowahi kuifanya kazi hiyo kwa mapana, mtaa kwa mtaa, na kupima matokeo yake. Unachokosa ni kuifanya kila wiki, mwaka mzima, masika na kiangazi, kwa fedha zake wenyewe. Kuanzia 1988 hadi 1996 kulikuwa na mradi wa malaria mijini, Dar es Salaam na Tanga, uliosaidiwa na Serikali ya Japani. Ukaisha. Mwaka 2004 ukaja mwingine, mkubwa na makini zaidi. Katika miji yenye joto na mvua kama huu, mradi wenye tarehe ya kufungwa unampunguza mbu kwa muda tu, kisha anarudi.

Tunapomtaja mbu kwa jumla tunajichanganya, maana wanaotuumiza mjini ni wa aina tatu na kila mmoja ana tabia zake. Anofelesi, mwenye malaria, huuma usiku na huzaliana zaidi kwenye maji yaliyotuama yanayopigwa na jua: madimbwi, mitaro iliyoziba, vifereji vya katikati ya matuta ya viazi vitamu na mchicha mabondeni. Aedesi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, ndiye mwenye dengue na chikungunya. Huyu huuma mchana, na makazi yake ni maji tunayoyahifadhi au kuyasahau sisi wenyewe: pipa, simtanki, tairi, kopo, sahani ya chungu cha maua. Kuleksi hupenda maji machafu ya mashimo ya choo, makaro na mitaro, na mjini ndiye anayeeneza matende na mabusha. Kwa hiyo chandarua kinachomlinda mtoto na malaria usiku hakimsaidii mama anayeumwa na mbu jikoni saa nne asubuhi.

Pamoja na tofauti hizo, wote wanahitaji maji yaliyotulia kwa muda unaokaribiana. Katika joto la Pwani, yai hufika kuwa mbu mzima kwa siku saba hadi kumi hivi. Mtu akipita kila wiki, akamwaga maji yanayomwagika na kutia dawa yasiyomwagika, viluwiluwi hawapati nafasi ya kuota mabawa. Akipita mara moja kwa mwezi, kati ya ziara moja na nyingine vizazi viwili au vitatu vimeruka. Kwa sababu hiyo usafi wa mara moja kwa mwezi, hata ukifanywa kwa moyo wote, una faida nyingine lakini haumpunguzi mbu kwa kiasi cha kutosha.

Jambo la pili la kuzingatia ni umbali. Aedesi si mrukaji wa mbali; wengi huishi na kufa ndani ya mita mia moja au mia mbili kutoka walikozaliwa. Anayekuuma sebuleni kwako amezaliwa uani kwako, kwa jirani, au kwenye pagale la nyuma. Huwezi kujikinga peke yako nyumba ya kushoto ikiwa na mapipa wazi, na manispaa haiwezi kukukinga ikiwa ofisini kwake. Ngazi inayofaa kwa vita hii ni mtaa, na ndani ya mtaa, zile nyumba kumi kumi zinazosimamiwa na mjumbe mmoja.

Waandaaji wa Mpango wa Kudhibiti Malaria Mijini walilielewa jambo hilo. Mpango huo ulianza 2004 katika kata 15 za Ilala, Kinondoni na Temeke. Wakazi waliopatikana kupitia serikali za mitaa walikabidhiwa kila mmoja eneo lake, likihesabiwa kwa nyumba kumi za mjumbe. Walianza na ramani, tena za kuchora kwa mkono: kiwanja hiki, nyumba hii, mtaro unapita hapa, kisima kipo hapa, bustani inaanzia hapa. Kila wiki walizunguka na fomu zao, wakasimama penye maji, wakachota kwa upawa wa mpini mrefu na kuangalia kama kuna viluwiluwi, wachanga au waliokaribia kuruka. Baadaye wakaongezewa dawa. Buguruni, Kurasini na Mikocheni zilianza kuipata 2006, mwaka uliofuata zikawa kata tisa, na 2008 zikafikiwa zote 15. Dawa yenyewe ni bakteria wa udongoni ambao kiluwiluwi akiwala hufa, lakini hawadhuru watu, kuku wala samaki.

Wachambuzi walipoyatazama matokeo ya miaka hiyo, wakiwa wameondoa mchango wa vyandarua na mambo mengine, walikuta kwamba palipotiwa dawa uwezekano wa mtu kukutwa na vimelea vya malaria ulikuwa chini kwa takriban asilimia 21. Ukiisoma haraka, namba hiyo inaonekana ndogo. Lakini ni nyongeza juu ya kinga ambazo watu walikuwa nazo tayari, na ilipatikana kwa kazi ya wakazi wa kawaida waliolipwa posho ndogo, wakiwa na upawa, fomu na mfuko wa dawa.

Mpango huo ulikuwa na udhaifu, na tunapaswa kuutazama vizuri kwa sababu bado upo. Watafiti waliopita nyuma ya wakaguzi kuhakiki kazi yao waligundua kuwa mazalia mengi yalikuwa yamepitwa, na viwanja vyenye uzio vilikuwa kati ya sehemu ngumu zaidi. Kila anayeifahamu Dar es Salaam anaweza kuona kwa nini. Mkaguzi anagonga geti. Mlinzi anasema mwenye nyumba hayupo. Wiki ijayo hayupo tena. Ndani ya ukuta kuna bwawa la kuogelea lisilotumika, vyungu vya maua vyenye sahani chini yake, tangi la akiba lenye mfuniko uliopasuka, na gari bovu nyuma ya banda la uani, limekaa na matairi ya akiba yaliyojaa maji ya mvua. Tumezoea kudhani mbu ni tatizo la uswahilini, kwa watu wa mitaro na vyoo vya shimo. Kwa malaria na matende dhana hiyo ina ukweli kiasi. Kwa dengue ni kosa kubwa, kwa sababu Aedesi hana shida na nyumba yenye vigae na bustani iliyokatwa vizuri. Anataka maji safi, kivuli na watu, na hayo yapo kwa wingi nyuma ya kuta ndefu.

Mapagale nayo yanahitaji kutajwa waziwazi. Jiji hili linajengwa kidogo kidogo, mwenye kiwanja anaweka msingi leo na kupandisha tofali miaka mitatu baadaye. Katikati ya hapo msingi unashika maji, na pipa la maji ya ujenzi linabaki limejaa, bila mfuniko na bila mtu wa kulitazama. Mwenyewe anaishi kwingine na haumwi na mbu wake. Wanaoumwa ni majirani. Hapa sioni sababu ya kubembelezana. Ofisi ya mtaa ina njia za kumpata mwenye kiwanja, na maofisa afya wana mamlaka ya kukagua na kutoa amri ya kuondoa kero. Onyo liwe moja, kisha faini, na faini hiyo irudi kulipia ukaguzi wa mtaa huohuo.

Kwa mkazi wa kawaida mwenye mapipa uani siwezi kusema hivyo, kwa sababu mapipa yale hayakuwekwa kwa uzembe. Familia ambayo bomba lake linatoa maji mara mbili kwa wiki, tena usiku wa manane, haiwezi kuambiwa iache kuhifadhi maji. Mto Ruvu ulipopungua mwishoni mwa 2022 na mgao ukaingia karibu jiji zima, kila chombo kilichoweza kubeba maji kilijazwa, hadi mabeseni ya kufulia. Kila siku ya mgao inaongeza mazalia ya Aedesi katika mamia ya maelfu ya nyumba. Jiji la zaidi ya watu milioni 5.3, kwa sensa ya 2022, ambalo sehemu kubwa ya wakazi wake haina uhakika wa maji ya bomba kila siku, litaendelea kuwa na dengue hata likipuliza moshi kila wiki. Idara ya maji haihesabiwi kwenye mipango ya kudhibiti mbu, nami naona ilipaswa kuwa ya kwanza kuitwa mezani.

Maji yakisubiriwa, kuna namna ya kukaa na mapipa. Mama analimaliza maji ya pipa la lita 200, analisuuza kwa kata mbili, analijaza tena, akiamini amelisafisha. Lakini ukiinama na kuangalia upande wa ndani, pale maji yalipoishia wiki iliyopita, utaona vidoa vidogo vyeusi kama masizi vimenata ukutani. Hayo ni mayai ya Aedesi. Yanaweza kukaa makavu kwa miezi na bado yakawa hai; maji yakipanda tena na kuyafikia, yanaanguliwa. Kusuuza hakuyatoi. Yanataka brashi ngumu au dodoki na sabuni, na mkono unaosugua kutoka ukingoni hadi chini, kisha maji yale yamwagwe juu ya mchanga mkavu unaochomwa na jua, yasitiwe kwenye ndoo ya pili. Baada ya hapo, mfuniko. Kama umepasuka, khanga kuukuu iliyokunjwa mara mbili na kufungwa kwa mpira wa baiskeli kuzunguka shingo ya pipa inamzuia mbu kabisa. Simtanki la juu ya paa lina tundu la kutolea maji yaliyozidi, na wengi hawalikumbuki. Kipande cha wavu wa dirishani kinatosha.

Matairi yana ugumu wa peke yake. Tairi likishaingiwa na maji, hata ukiligeuza vipi maji mengine hubaki ndani ya mkunjo. Mafundi pancha na wenye gereji wanaoyapanga barabarani wanapaswa kuyahifadhi chini ya bati au kuyatoboa, na wanaoyatumia kuzungushia maua wayajaze udongo hadi juu.

Mitaro ni kazi ya serikali kwanza, kabla ya kumlaumu yeyote. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ni tambarare na maji ya ardhini yapo karibu, hasa ukanda wa pwani, hivyo mtaro ukikosa mteremko mzuri maji yanasimama hata bila taka. Taka zinamalizia kazi. Mfuko mmoja unanasa kwenye nondo ya kivuko, mchanga unajikusanya nyuma yake, na juu yake kunakuwa na bwawa la hatua kumi lenye maji yaliyotulia. Hapo Anofelesi anazaliana katikati ya mji kama yuko shambani. Jiji limejenga mitaro mingi ya zege miaka ya karibuni kwa mikopo mikubwa, na sasa kuna mradi wa Bonde la Msimbazi uliopitishiwa mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022. Ninachokitafuta ndani ya miradi hiyo ni fedha za mtu wa kuuzibua mtaro kila baada ya wiki mbili ukishazinduliwa. Mtaro wa zege usiozibuliwa unashika maji vizuri zaidi kuliko wa udongo, ambao angalau huyanywa.

Kwa Kuleksi tuna mfano mzuri hapa jirani ambao haukuenea kama ulivyostahili. Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti waliongeza juu ya dawa za matende walizowapa watu hatua moja ya ziada: walimwaga punje nyeupe za polistireni, plastiki nyepesi inayoelea, kwenye mashimo ya choo yenye maji. Punje zile zilielea na kutanda juu ya maji yote, mbu wakakosa pa kutagia, na viluwiluwi waliokuwamo wakashindwa kupanda kuvuta hewa. Mbu walipungua kwa kiwango kikubwa mno. Watu waliokuwa na vimelea vya matende kwenye damu, ambao kabla ya hapo walikaribia nusu ya waliopimwa, walishuka hadi asilimia chache ndani ya miaka michache. Punje zenyewe hazihitaji kurudiwa kila wiki, zinaweza kukaa miaka. Tumetumia miaka mingi kugawa kingatiba ya matende Dar es Salaam, na ni kazi njema, lakini makaro yanayozalisha mbu tumeyaacha yalivyo.

Kuhusu magari ya moshi, ambayo watu huyaomba kila mlipuko unapotokea, ni lazima tuambizane ukweli. Moshi humuua mbu aliye hewani wakati huo. Aedesi wengi mchana wako ndani ya nyumba, chini ya kitanda, nyuma ya kabati, kwenye nguo zilizotundikwa, mahali ambapo moshi wa barabarani haufiki. Viluwiluwi walio majini hawaguswi, na baada ya siku chache kizazi kipya kinaruka. Aidha mbu wengi wameshajenga usugu dhidi ya dawa tunazozitumia zaidi. Kupuliza kuna nafasi yake, ndani ya nyumba zilizo karibu na wagonjwa waliothibitishwa, mlipuko ukiwa umeanza. Kukifanywa badala ya ukaguzi wa kila wiki, kunawapa wananchi imani kwamba kazi imefanyika wakati haijafanyika.

Hata upulizaji huo wenye shabaha unahitaji kujua mgonjwa ametoka mtaa gani, na hapo hospitali zinaingia. Homa bado inaitwa malaria kabla ya kupimwa, na kipimo kikionyesha hakuna malaria, mgonjwa anarudishwa nyumbani na dawa za taifodi au za mkojo. Mwenye dengue akipewa aspirini au diklofenaki anaongezewa hatari ya kutokwa na damu. Dawa ya kushusha homa anayotakiwa kupewa ni parasetamo, pamoja na maji mengi na uangalizi wa karibu. Kituo kinachopima dengue mwaka mzima na kuandika mtaa wa mgonjwa kinampa mkaguzi mahali pa kuanzia kabla wagonjwa hawajafika mamia.

Kuna sababu nyingine ya kutosubiri. Mwaka 2012 Djibouti iligunduliwa kuwa na Anopheles stephensi, mbu wa malaria kutoka Asia ambaye, tofauti na ndugu zake wa hapa, anazaliana vizuri kwenye matangi na mapipa ya maji mjini. Mwaka huo nchi hiyo ilikuwa na wagonjwa 27 wa malaria. Mwaka 2020 walikuwa zaidi ya 73,000. Ethiopia ilimkuta 2016, na mwaka 2022 mji wa Dire Dawa ulipata mlipuko wa malaria kiangazi, wakati ambao malaria kwa kawaida hutulia. Mwishoni mwa 2022 alikutwa Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Akifika Dar es Salaam atakuta simtanki zimemsubiri. Brashi na mifuniko ile ile inayomzuia Aedesi inamzuia na yeye, kwa hiyo jiji linalojizoeza sasa kwa dengue linajiandaa na malaria ya namna mpya.

Dawa hatuhitaji kuisubiri kutoka ng'ambo. Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu vya kibaiolojia kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba na kuzinduliwa 2015, kikizalisha aina zile zile za bakteria zilizotumika Buguruni na Kurasini. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alikitembelea na kuziagiza halmashauri zikanunue. Agizo lilikuwa la haki, lakini halmashauri inayochukua madumu ya dawa bila ramani za mazalia na bila watu wa kuzunguka itaishia kumwagia mitaro mikubwa inayoonekana barabarani, mara moja au mbili kwa mwaka. Dawa hiyo nyingi hudumu majini kwa muda wa wiki moja hivi.

Watu wa kuzunguka nao wanaweza kupatikana. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga kuwa nao zaidi ya 137,000 nchini. Kwa Dar es Salaam, ukaguzi wa mazalia kila wiki uandikwe kwenye majukumu yao kwa maneno yaliyo wazi, na wapewe upawa, fomu, dawa na kitambulisho ambacho mlinzi wa getini anatakiwa kukitii. Wakaguzi wa awali walishindwa mlangoni, kwa hiyo wa sasa watangulizwe na mwenyekiti wa mtaa kwa miezi ya mwanzo, hadi kila nyumba izoee kwamba siku fulani ya wiki kuna mtu anakuja kuangalia maji.

Madiwani wa halmashauri tano za Dar es Salaam hujadili bajeti kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza Julai. Kila mkazi anaweza kumuuliza diwani wake, kwenye mkutano wa mtaa, mambo manne: wakaguzi wangapi wa mazalia wametengewa posho katika kata yetu, lita ngapi za dawa zimenunuliwa, mitaro yetu itazibuliwa mara ngapi kwa mwaka, na maji ya bomba yatatoka siku ngapi kwa wiki. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, na yasomwe tena mkutano unaofuata.